Kura Zikiisha Kuhesabiwa

Na Katibu wa Tawi, Asiatique, Bujumbura



Mwezi uliopita, wakati wa mapumziko ya mchana, kijana mmoja wa idara ya kupakia aliniuliza swali mbele ya wenzake. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe nyuma ya ghala, tunakula maharagwe na ndizi. Akasema: "Mzee, barabara kubwa ya mjini ina jina la Rwagasore. Kila tarehe 13 Oktoba tunapumzika kazi kwa ajili ya Rwagasore. Sasa nani alimuua? Mimi nimesikia ni Mgiriki, huyu mwenzangu amesikia ni Wabelgiji, na bibi yangu anasema ni Warundi wenyewe."

Nikamjibu kwamba wote watatu wamesema kweli. Wakacheka wakidhani natania. Kengele ikalia tukarudi kazini, na jibu langu likabaki nusu. Nimeamua kulimaliza hapa gazetini, maana mwaka 2027 tutaitwa tena kupiga kura ya rais, na mimi nimeona mara nyingi mno jinsi mfanyakazi anavyolipa gharama ya siku zinazofuata baada ya kura.

Nianzie mtaani kwetu. Asiatique, kwa wasioujua, ni mtaa wa maduka ya kale ya Wahindi na Waarabu, kati ya Buyenzi, bandari na lile soko kuu lililoungua Januari 2013. Mkoloni Mbelgiji alipoupanga mji huu, wakati huo ukiitwa Usumbura, aliupanga kwa rangi za watu. Wazungu peke yao, Waasia peke yao, Waswahili Buyenzi, na Waafrika wengine Bwiza, ambayo ilikuwa ikiitwa Belge. Kila mtu na boma lake. Lakini asubuhi wote walikutana dukani na bandarini, na lugha waliyokutania ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana hata leo, ukitaka kujua habari za siasa za zamani, usiende kwa wenye vyeti tu. Nenda ukae barazani na mzee aliyekuwa mtumishi wa dukani wakati ule.

Mzee mmoja wa namna hiyo ninaye jirani. Mwaka 1961 alikuwa kijana mdogo, anafagia na kubeba marobota katika duka la kitambaa. Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini watu wa Buyenzi na wafanyabiashara wadogo walimpenda Louis Rwagasore. Si kwa sababu tu alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa. Watoto wa wakubwa walikuwa wengi. Walimpenda kwa sababu mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, ili Mrundi na Mswahili waweze kununua na kuuza wenyewe bila kupitia mlango wa mkoloni na makampuni yake. Utawala wa Kibelgiji ulilitazama jambo hilo kwa jicho baya. Mtoto wa Mwami akivaa suti na kwenda kusoma Antwerp, sawa. Akianza kushika mfuko wa biashara ya kahawa na nguo, hapo amegusa palipo na uchungu.

Mzee wangu anasema: "Wao hawakuogopa maneno yake, waliogopa mizani yake." Mimi naona amesema vizuri kuliko vitabu vingi.

Basi siasa ikaja. Rwagasore akiwa na chama cha UPRONA alidai uhuru upesi. Wabelgiji wakakilea chama kingine, PDC, kilichoongozwa na watoto wa Chifu Baranyanka, yaani Joseph Birori na Jean-Baptiste Ntidendereza. Hapa ndugu msomaji angalia vizuri. Wabelgiji hawakuuanzisha ugomvi ule. Koo mbili za kiganwa, Abezi wa upande wa Mwami na Abatare wa upande wa Baranyanka, zilikuwa zikigombea madaraka tangu zamani, kabla Mzungu hajafika. Mgeni alilikuta kaa la moto chini ya majivu, akapuliza. Na aliyepuliziwa alifurahi kupata joto.

Katika uchaguzi wa wilaya ndogo mwishoni mwa 1960, Rwagasore aliwekwa kizuizini nyumbani, na PDC wakapata ushindi. Umoja wa Mataifa, ambao Ubelgiji ilikuwa ikitawala Urundi kwa udhamini wake, ukaingilia na kutaka uchaguzi wa bunge ufanyike chini ya macho yake. Uchaguzi huo ulifanyika tarehe 18 Septemba 1961. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Nasema hili kwa wale wanaodhani kila mkono wa nje ni mkono wa shetani. Mwaka ule wageni wa Umoja wa Mataifa walisaidia kura ya mnyonge ihesabiwe. Na jirani zetu wa Tanganyika, Julius Nyerere na TANU, waliwaunga mkono UPRONA waziwazi, na Waswahili wa Buyenzi waliliona jambo hilo kuwa la ndugu kumsaidia ndugu. Kwa hiyo swali si kama mgeni yupo au hayupo. Nchi ndogo kama yetu, isiyo na bahari, yenye kahawa na chai ya kuuza na petroli ya kununua, mgeni atakuwapo daima. Swali ni amekuja kwa ajili ya nani, na nani amemfungulia mlango.

Usiku wa ushindi Rwagasore alizungumza na wananchi. Alisema ushindi ule usichukuliwe kuwa wa chama kimoja, bali wa utulivu na nidhamu ya watu wote, na akawaomba wananchi waipime serikali yake kwa matendo. Siku tatu baadaye, tarehe 21 Septemba, Mbelgiji aliyekuwa Residenti wa Urundi, Roberto Régnier, alikuwa na mkutano na maofisa wenzake. Mashahidi waliokuwapo walieleza baadaye, walipohojiwa Ubelgiji, kwamba alitamka kuwa Rwagasore hana budi auawe. Maelezo hayo yalikaa kabatini miaka mingi. Mbelgiji mmoja mtafiti, Ludo De Witte, ndiye aliyeyafukua na kuyaandika katika kitabu chake cha mwaka 2021. Serikali ya Burundi ilikuwa imekwisha kuishutumu Ubelgiji hadharani mwaka 2018.

Tarehe 13 Oktoba 1961, majuma mawili tu tangu awe Waziri Mkuu, Rwagasore alikuwa akila chakula cha usiku hotelini Tanganyika, kando ya ziwa. Alipigwa risasi kutoka nje. Alikuwa na miaka 29. Aliyefyatua bunduki ni Mgiriki, Kageorgis. Waliompanga ni viongozi wa PDC, Birori na Ntidendereza na wenzao. Na juu yao lilikuwa neno la Residenti, ambalo mtu aliyeshindwa uchaguzi angeweza kulichukua kama ruhusa.

Sasa kijana wangu wa idara ya kupakia umeona? Kidole cha Mgiriki, chuki ya Mrundi, neno la Mbelgiji. Ukitoa kimoja kati ya hivyo vitatu, Rwagasore angemaliza chakula chake akaenda kulala.

Kageorgis aliuawa kwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, wakati Wabelgiji bado wamo. Wengine mahakama ya Wabelgiji iliwaachia roho zao na kuwapa vifungo. Baada ya uhuru kesi ilifunguliwa upya, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano walinyongwa hadharani Gitega, wakiwamo Birori, Ntidendereza na Mgiriki mwingine aitwaye Iatrou. Régnier hakushitakiwa kamwe. Mzee wangu hapo hunyamaza, hutikisa kichwa, halafu huomba chai.

Asubuhi ya tarehe 14 Oktoba bwana wake, Mhindi, hakufungua duka. Si Mhindi huyo tu, mtaa mzima wa Asiatique ulikuwa umefunga milango kwa hofu. Mzee alikuwa kibarua wa kutwa. Hakupata ujira siku hiyo, wala siku zilizofuata. Hilo silo jambo kubwa mbele ya kifo cha kiongozi wa nchi, najua. Lakini mimi ni katibu wa sendika, na mambo kama hayo ndiyo ninayoyaandika.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wengi hawaipendi, kwa sababu inatuhusu sisi wa vyama vya wafanyakazi.

Januari 1962, miezi mitatu tu tangu Rwagasore azikwe, vijana waliojiita kwa jina lake, JNR, waliingia Kamenge wakachoma nyumba na kuua. Waliouawa ni pamoja na viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo na watu wa Parti du Peuple, Wahutu. Vyama vile vya Kikristo vilikuwa na mizizi yake katika sendika za Ubelgiji. Upande wa pili kulikuwa na shirikisho la wafanyakazi lililokuwa karibu na UPRONA na vijana wale wa JNR. Kila mmoja alimwita mwenzake kibaraka. Kila mmoja alidai kumsemea mfanyakazi. Na pale Kamenge mfanyakazi alimwua mfanyakazi. Hakuna siku ninayoiona chungu zaidi katika historia yetu ya sendika, na hatuitaji hata kwenye sikukuu ya Mei Mosi. Rwagasore mwenyewe alikuwa amemuoa Mhutu, na chama chake kilikuwa cha wote. Miezi mitatu ilitosha kuligeuza jina lake kuwa rungu.

Baada ya hapo wageni wakaongezeka. Vita baridi vilikuwa vimewaka Kongo ng'ambo ya ziwa, na Bujumbura ikawa dirisha la kuchungulia. Wachina walikuwa na ubalozi hapa, Wamarekani walikuwa na wao. Bungeni watu waligawanyika kundi la Casablanca na kundi la Monrovia, majina ya miji ambayo hata mkulima mmoja wa Ngozi hajawahi kuiona. Tarehe 15 Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe alipigwa risasi mlangoni mwa hospitali, alikokwenda kumtazama mkewe aliyejifungua. Aliyekamatwa ni mkimbizi kutoka Rwanda aliyekuwa akifanya kazi katika ubalozi wa Marekani. Mwisho wa mwezi huohuo waliofukuzwa nchini ni Wachina. Mwaka uliofuata, Januari 1966, akafukuzwa balozi wa Marekani. Ukitafuta mantiki hapo utachoka bure.

Na uchaguzi? Ulifanyika Mei 1965. Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 vya bunge. Mwami hakumchagua Waziri Mkuu kutoka kwa walioshinda, alimteua Léopold Biha, mganwa wa nyumbani kwake. Oktoba askari wa Kihutu wakajaribu kuipindua serikali wakashindwa. Maofisa na wabunge Wahutu waliochaguliwa kwa kura wakapigwa risasi, na huko Muramvya raia waliuana. Mwami akaenda Ulaya asirudi tena kutawala. Mwaka 1967 vyama vyote vya wafanyakazi vikavunjwa na kuwekwa katika UTB, chini ya chama tawala. Mpaka mapema miaka ya 1990 hapakuwa na sendika huru. Nasikia watu wakisema UTB iliuawa na wanasiasa. UTB ilizaliwa na wanasiasa. Zilizouawa ni zile za kabla yake, na zilikuwa zimekwisha kujikata zenyewe mikono huko Kamenge.

Wachina walirudi baada ya uhusiano kufufuliwa mwaka 1971, na ni kwa mkopo wao tulipata COTEBU, kiwanda cha nguo kilichowalisha maelfu ya watu wa mji huu mpaka kilipofungwa katikati ya miaka ya 2000. Naandika hilo ili nisionekane kama mtu anayepiga kelele "beberu" kila akiona pua ngeni. Baba wa mke wangu alikuwa fundi wa mitambo COTEBU, na watoto wake wote walisoma.

Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita. Na kwa kuwa nawaeleza habari za kura, niwaeleze na hiyo.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 13. Tarehe 1 Juni Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa Rais kwa karibu asilimia 65 ya kura. Uchaguzi huo nao ulikuwa na mkono wa nje, kwa kuwa tangu 1990 Ufaransa na wafadhili wengine walikuwa wakisema msaada utafuatana na vyama vingi. Meja Buyoya akashindwa, akakabidhi madaraka kwa amani, watu wakapongezana. Tarehe 21 Oktoba tuliamka redio ya Bujumbura ikiwa kimya. Baba alizungusha kinasa mawimbi mpaka akapata Kigali. Habari ya kwamba wanajeshi wamempindua na kumuua Rais wetu tuliipata kutoka redio ya jirani, na ndani ya sauti ile ile ulikuwamo wito wa watu kusimama. Vijijini watu waliposimama, waliwasimamia majirani zao Watutsi wasiokuwa na kosa. Kisha jeshi likalipiza kwa Wahutu wasiokuwa na kosa. Nyumbani kwetu baba alizima redio, akatukataza kutoka nje, akakaa mlangoni na panga lake la kukatia nyasi. Hakusema ni dhidi ya nani.

Baba alikuwa mchukuzi bandarini, alilipwa kwa siku. Mwaka 1994 na 1995 zikaja zile siku zilizoitwa "ville morte", mji mfu. Vijana waliweka mawe barabarani, anayekwenda kazini alipigwa mawe au kurushiwa guruneti. Februari 1995 UPRONA iliitisha mgomo mkubwa ili kumwondoa Waziri Mkuu Anatole Kanyenkiko, ambaye alikuwa mtu wao wenyewe. Akajiuzulu, mgomo ukafaulu. Nawauliza wenzangu, katika mgomo huo kulikuwa na dai gani la mshahara? Saa za kazi? Bima? Hakuna hata moja. Silaha yetu, mgomo, ile tuliyopigania tuwe nayo, ilichukuliwa na watu wenye mishahara ya mwezi, wakaitumia kwa shughuli zao, na aliyekosa unga ni mtu wa kutwa. Kapita wa baba aliandika "hayupo" kwa kila siku ambayo barabara ilifungwa. Mwezi ule baba alileta nyumbani chini ya nusu ya alichozoea. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa darasa la sita mwisho wa mwaka ule wa shule. Ada ya sekondari haikupatikana. Nikaenda kubeba mizigo pamoja naye.

Julai 1996 Buyoya alirudi kwa mapinduzi, na nchi jirani zikatuwekea vikwazo mpaka Januari 1999. Nyerere yuleyule aliyemsaidia Rwagasore alikuwa msuluhishi wetu wakati huo. Wako waliomwita adui na wako waliomwita baba. Mimi nakumbuka bei ya mafuta, na kwamba wenye magari walipata ya magendo huku malori ya chai na kahawa yakisimama. Hata dawa inayotibu hupita kwanza kooni mwa maskini. Lakini nisiwe mnafiki. Mazungumzo aliyoyaanza, Mandela akayamaliza Arusha tarehe 28 Agosti 2000, ndiyo yaliyonipa nafasi ya kusimama leo katika mkutano wa tawi wenye Wahutu, Watutsi na Waswahili bila kuhesabu nani ameketi wapi.

Au tuseme, karibu bila kuhesabu.

Mwaka 2015 kamati yetu ya kiwanda ilikuwa na watu saba. Tulikuwa na dai moja zuri, la posho ya zamu ya usiku, ambalo mwajiri alikuwa amekwisha kulikubali kwa mdomo, imebaki kutia saini. Mwishoni mwa Aprili maandamano ya kupinga muhula wa tatu yakaanza. Tarehe 13 Mei, Rais Nkurunziza akiwa Dar es Salaam, wanajeshi wengine wakatangaza kumpindua wakashindwa. Wajumbe wetu wawili walikuwa wakikaa Musaga na Nyakabiga, mitaa ya vizuizi na risasi, hawakuweza kufika. Mwingine alikuwa katika vijana wa chama tawala. Waliporudi kazini hawakusalimiana. Mmoja alisema mwenzake ametumwa na Wazungu. Huyo naye akajibu kwamba mwenzake anatoa majina yao usiku. Sikujua kama lolote kati ya hayo lilikuwa kweli, na mpaka leo sijui. Najua tu kwamba mwajiri alituita tarehe ya kutia saini, akatukuta wanne, akasema kamati haijatimia. Kisha akaachisha kazi vibarua 19 kwa kosa la utoro, wengi wao wakiwa watu wa mitaa ileile iliyofungwa. Tulihangaika miezi mitano, tukawarudisha 11. Wanane walikwisha kuvuka kwenda Tanzania, kambini Nyarugusu.

Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake kwa serikali Machi 2016 na kuurudisha mwaka 2022. Serikali ilisema ni ubeberu, wapinzani walisema ni haki. Katika miaka ile sita mwajiri wetu alikuwa na jibu moja tu kwa kila dai: hakuna fedha za kigeni, hakuna vipuri, ngojeni. Pengine mara nyingine ilikuwa kweli. Lakini lilikuwa jibu rahisi mno, na sisi tulikuwa tumegawanyika mno kuweza kumwambia atuonyeshe hesabu.

Nimemwambia kijana wa idara ya kupakia aje Jumamosi, saa nane mchana, nyumbani kwa mwenyekiti hapa Asiatique. Faili la posho ya zamu ya usiku ninalo, lina vumbi lakini halijapotea hata karatasi. Tutachagua kamati mpya. Nitapendekeza kanuni moja tu mpya iandikwe katika daftari: mjumbe akishindwa kufika kwa sababu barabara imefungwa, kikao kitamfuata alipo, hata kama ni wajumbe wawili tu wanaovuka, na wawili hao wasiwe wa mtaa mmoja. Kijana amesema atakuja na yule mwenzake aliyesikia ni Wabelgiji. Bibi naye ameomba aletewe gazeti hili, asomewe.